Maumivu ya shingo hayaishi tangu ajali ya gari: nimwone daktari gani?

Swali
Ndugu zangu, wiki sita zilizopita mimi na mume wangu tulikuwa tumesimama kwenye foleni ya Ubungo, gari letu likagongwa kwa nyuma na kichwa changu kikarushwa kwa nguvu. Zahanati niliyokimbilia ilinipa dawa za kutuliza maumivu tu. Hadi leo nikitaka kutazama kioo cha pembeni nalazimika kugeuza mwili mzima, na kila asubuhi vidole viwili vya mkono wa kushoto vinakuwa na ganzi. Nianzie wapi?

Jibu la kwanza
Pole sana, dada. Ganzi hiyo usiipuuze, kwani yaweza kuwa dalili ya mshipa wa fahamu kubanwa shingoni. Omba rufaa ya kumwona daktari bingwa wa mifupa, kwa mfano MOI (Taasisi ya Mifupa) pale Muhimbili, na ufahamu kwamba eksirei huonyesha mifupa, ilhali diski (vitenganishi laini kati ya pingili za shingo) na mishipa ya fahamu huonekana vizuri zaidi kwa kipimo cha MRI, yaani picha inayopigwa kwa nguvu ya sumaku. Mkono ukipoteza nguvu, miguu ikilegea au ukishindwa kuzuia mkojo, nenda idara ya dharura siku hiyohiyo.

Jibu la pili
Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba. Kola ya shingo usiivae wiki nyingi bila ushauri, maana misuli hudhoofika. Mazoezi mepesi husaidia sana, lakini yaanze baada ya ganzi hiyo kuchunguzwa.

Jibu la tatu
Tunza nakala ya PF3 (fomu ya polisi kwa majeruhi) na risiti zote kwa ajili ya madai ya bima.