Soya Magu, karibu na ziwa: nyuki wa jirani na unga wa watoto

Habari za jioni wakuu. Nina ekari mbili Magu, zinashuka mpaka ziwani. Zamani pamba, sasa mahindi, na kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kimenichosha. Mvua zijazo nataka soya; nyingine niuze, nyingine nisagie watoto uji. Jirani ana mizinga. Muuza pembejeo anasema nipulize dawa ya wadudu kila wiki. Ni lazima?

Jembe Halilali: Kila wiki? Huyo anauza dawa, halimi. Soya inavumilia kuliwa majani kiasi, hasa kabla ya maua. Kagua kwanza. Ikitoa maua jizuie kupuliza. Wadudu wakikuzidi, subiri jioni nyuki wamerudi, na mwambie jirani mapema.
Kiduha nacho: mizizi ya soya inakiamsha kiote, halafu kinakosa pa kunyonya, kinakufa. Msimu unaofuata rudisha mahindi.

Mtu wa Misungwi: Anza na mbegu, mkuu. Soya hupoteza uotaji haraka. Otesha 100 kwenye kitambaa kibichi. Zikitoka chini ya 80, tafuta nyingine. Shamba halijawahi kuwa na soya, kwa hiyo changanya mbegu na bakteria wa rhizobia (wanaoipa soya nitrojeni kupitia vinundu vya mizizi), kivulini, kisha panda siku hiyohiyo. Jua linawaua. Ikianza maua, chimba mche mmoja taratibu, pasua vinundu vya mizizi. Vikiwa vyekundu ndani, urea ya nini? Vikiwa vyeupe au kijani, bakteria hawafanyi kazi. Aina ya mbegu ulizia TARI Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo.

Kanda Maalum: Mnampoteza. Nililima bila dawa, viwavi walinimaliza.

Jembe Halilali: Ulikagua lini mara ya mwisho kabla hawajakumaliza?

Mama Wawili: Mdogo wangu, soya mbichi usiisage. Ina vitu vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini. Mimi naitumbukiza kwenye maji yanayochemka tayari, nusu saa, natoa maganda, naanika, nakaanga ndipo mashineni. Kuku nao usiwape mbichi. Na anika juu ya turubai, siyo pembeni ya lami.

Muulizaji: Asante dada. Nilime mpaka mwisho kule majini?

Mtu wa Misungwi: Hapana. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni. Acha matete yasimame, yanashika udongo na mbolea visiingie ziwani kulisha magugumaji. Ndege nao wanabaki.

Muulizaji: Nimewaelewa. Kesho naanza kupima hizo mita 60.