Wamama mnaoandika hadithi, mnaandika saa ngapi na kichanga? Naomba ushauri

Mama Tuse (Uyole, Mbeya)
Habari za jioni wadau. Naomba ushauri hasa kwa wamama na wale mnaoandika, wababa pia karibuni.

Mimi naandika hadithi, nilianzia Facebook nikahamia WhatsApp, nina grupu la wasomaji wanaolipia buku kwa simulizi na vipande napost kila usiku. Sasa nimejifungua, mtoto ana miezi miwili na kidogo, namshukuru Mungu anakua vizuri. Mama mkwe alinitunza mpaka arobaini ikaisha akarudi Tukuyu kwenye migomba yake, mume wangu yuko Mafinga kwenye mbao anakuja wikiendi tu, kwahiyo hapa ni mimi na mtoto na mdogo wangu anayesoma sekondari.

Usingizi nimeshauzoea, shida yangu ni kichwa hakishiki hadithi. Zamani nikifua nguo wahusika wanaongea wenyewe, nikimaliza kuanika kipande kimekamilika. Siku hizi mhusika akifungua mdomo tu mtoto analia, nikirudi sikumbuki alitaka kusema nini. Kuna simulizi nimeiacha mwanamke yuko stendi ya Nane Nane anamsubiri mwanaume ambaye msomaji anajua kabisa hatakuja, na mpaka leo yuko pale benchi na begi lake, wasomaji wananijia inbox "mwandishi vipi", wengine wanadai hela yao. Usiku najaribu kuandika mtoto akiwa ananyonya, simu mkono mmoja, jiko la mkaa nimelisogeza chumbani maana baridi la Juni mnalijua.

Likizo nayo inaelekea mwisho. Ndugu wananiambia niache kuandika mpaka mtoto aanze shule. Nikiwaza hivyo naumia kweli. Nifanyeje?

Nesi mstaafu
Hongera mwanangu kwa kujifungua. Hadithi tutaiongelea ila hilo jiko litoe chumbani leo hii usingoje kesho. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu haina harufu wala rangi, mnalala hamuamki, na huku kwetu nyanda za juu kila msimu wa baridi tunazika watu kwa sababu hiyo. Mtoto mvalishe nguo mbili tatu, soksi na kofia, wewe jifunge blanketi. Lingine, ukisikia unasinzia acha simu, mlaze mtoto kwanza, usipitiwe na usingizi umemshika kwenye kiti. Na ukiona huzuni haiishi hata baada ya wiki mbili, hulali hata mtoto akilala, au humtaki mtoto, nenda kliniki useme hivyohivyo, inatibika na wamama wengi wanaipata.

Baba Wawili, Mwanjelwa
Mimi niseme ukweli dada, pumzika kwanza. Mtoto anakuwa mdogo mara moja tu, hadithi zitakusubiri.

Kalamu ya Makambako
Baba Wawili nakuheshimu lakini sikubaliani na wewe. Hadithi hazisubiri hivyo, mtu akiacha miaka saba anarudi mkono mzito na ujasiri umekwisha. Alice Munro wa Canada alilea mabinti zake anaandika wakati wamelala mchana, na alisema mwenyewe aliangukia kwenye hadithi fupi kwa sababu muda wa riwaya hakuwa nao. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1968 ana miaka 37, na 2013 akapewa Nobel.

Sasa Mama Tuse nisikilize, mimi nina wawili na nimepita hapo. Naona kinachokutesa ni vile vipande kuliko mtoto. Simulizi ya kila siku ni deni, umeshakula hela ya watu na kila usiku ukiamka wanakudai, kichwa chenye deni hakitungi kitu. Hadithi fupi yenyewe, ya kuanza na kuisha, hakuna anayejua ipo mpaka umeimaliza. Huyo mwanamke wa stendi wewe mwenyewe umeshatuambia hadithi yake yote kwa sentensi moja, anamsubiri mtu na msomaji anajua haji, sehemu moja, usiku mmoja, begi moja. Iandike hivyo. Grupu waambie wazi unasimama, anayetaka hela mrudishie, anayetaka kusubiri atasoma ikiwa nzima. Wengi watasubiri, wasomaji wa kike hasa wanaelewa uzazi.

Na usitafute masaa mawili, hutayapata. Mimi nilikuwa nabeba swali moja tu kwa siku, mfano kwenye begi lake kuna nini. Nanyonyesha nalo, napika nalo. Jibu likija narekodi sauti kwenye simu hata kama mtoto analia nyuma, jioni naandika kilichopo. Nikiacha naacha katikati ya sentensi makusudi, kesho najua pa kushika.

Bint Makete
Hiyo ya kurekodi naiunga mkono 100%. Ila jitumie meseji WhatsApp mwenyewe, usihifadhi kwenye simu tu, watoto wakianza kushika simu wanafuta kila kitu.

Mzee wa Kihesa
Kamwene. Mimi nakaa na mambo ya ajira kwahiyo niongezee hapo tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 84 za uzazi, mapacha 100, hiyo unaijua. Wengi hawajui kwamba ukirudi kazini mwajiri anatakiwa akuruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Ongea nao kabla hujarudi, kwa maandishi. Saa mbili hizo ni za mtoto sio za kuandika, lakini jioni hutafika nyumbani umechoka vile.

Halafu kuna tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola, Commonwealth Short Story Prize, inapokea Kiswahili, haina ada, maneno 2,000 mpaka 5,000. Masharti yake hadithi isiwe imetoka popote, na mtandaoni ni kutoka.

Mama Tuse (Uyole, Mbeya)
Asanteni sana jamani, nimesoma yote mtoto akiwa mgongoni. Jiko limeshatoka, mama asante. Baba Wawili nimekuelewa pia kaka, najua unaniombea mema, ila kuacha siwezi.

Kalamu umenigusa kwenye deni. Nimetangaza kwenye grupu nasimama, watatu wametaka hela nimewarushia, wengine wameniletea pole na hongera. Na swali la begi limeshajibika leo naosha chupa, kuna nguo za mtoto ambaye yule mwanaume hajui kama yupo. Mzee, zile sehemu za mwanzo zilishatoka kwenye grupu, bado naweza kupeleka?

Mzee wa Kihesa
Zile usizipeleke. Mwanamke mwingine, stendi nyingine, aya ya kwanza upya, na safari hii usimuoneshe mtu mpaka majibu yatoke. Ya Nane Nane imalizie watu wako.