Honda C70 ya pointi: alama ya F imekaa sawa ila kiki bado inarudisha teke

Mpenda_C70:
Wakuu habari za saa hizi. Nina C70 ya zamani, ile ya volti 6 yenye pointi (swichi ndogo inayofunga na kufungua umeme wa cheche) siyo ya CDI (cheche ya kielektroniki), ilikaa miaka bila kuwashwa. Nimebadilisha pointi na kondensa, mara ya kwanza uwazi niliukadiria kwa macho tu, nikapiga kiki ikarudisha teke mpaka kifundo kikavimba. Nikafungua tena nikaweka milimita 0.35 kwa fila (kile kibati cha kupimia uwazi), nikalinganisha F, alama ya cheche kwenye flaiwili (gurudumu zito la krenki), na mstari, bado inarudisha. Alafu mita nikiigusisha waya wa pointi inalia muda wote, zikifunga inalia, zikifunguka inalia. Inamaana pointi mpya nazo mbovu? Naipenda sana hii mashine sitaki niiue kwa kubahatisha, naombeni msaada.

fundi_kimya:
Pole na mguu ndugu. Pointi zako nzima. Mita inalia kwasababu kwenye magneto (kijenereta kilicho ndani ya flaiwili) ile koili ya ndani imeungana na pointi, ukinzani wake ni mdogo mno, kwahiyo hata zikifunguka umeme unapitia kwenye koili na mita inaona ni njia ileile. Chukua betri ya volti 6 na balbu ya breki, usitumie ya indiketa ya dashibodi maana ndogo hutaona tofauti. Zungusha flaiwili kwa mkono kinyume cha saa, pointi zikifunguka taa haizimi, INAFIFIA, na inatakiwa ififie pale F inapofika kwenye mstari. Ikififia kabla ya F punguza uwazi, ikichelewa ongeza, ila usitoke nje ya 0.3 mpaka 0.4. Uwazi ukiwa mkubwa pointi zinawahi kufunguka na cheche inawahi, ndo maana ile siku ya kwanza ilikupiga.

Mpenda_C70:
Shukrani sana mkuu, nimefanya hivyo na balbu imefifia kwenye F kabisa, nikarudia mara tatu. Bado inarudisha.

Baba_Kabureta:
Kaka ulivyorudisha flaiwili nati uliikaza kwa kifaa gani?

Mpenda_C70:
Spana ya kawaida, nguvu za mkono.

Baba_Kabureta:
Basi usipige kiki tena. Injini ikirudisha teke krenki inasimama ghafla wakati flaiwili ni nzito inataka kuendelea mbele, na kama haijakazwa vizuri inateleza inakata kii ya nusu mwezi (kile kichuma kinachoshika flaiwili isisogee kwenye krenki) au inaipinda. Ikishasogea, alama zote zimesogea nayo, F itakaa kwenye mstari vizuri kabisa na itakudanganya. Vua flaiwili kwa pula (kifaa cha kuivuta itoke), usigonge na nyundo. Angalia kii, pia angalia kama ile koni ya krenki (ncha inayokaa flaiwili) ina mikwaruzo.

Na ukitaka uhakika wa T (alama ya pistoni kufika juu kabisa) usitegemee kijiti kwenye tundu la plagi, pistoni ikifika juu inakaa pale huku krenki bado inazunguka kidogo, huwezi kuona kwa jicho. Toa matumbo ya plagi mbovu, weka bolti ndefu kidogo izuie pistoni kabla haijafika juu. Zungusha taratibu kwa mkono mpaka iguse, chora alama, rudi upande wa pili mpaka iguse, chora. Katikati ya hizo mbili ndo juu kabisa, T inatakiwa iwe hapo.

Mpenda_C70:
Wakuu nimevua. Kii imekatika nusu, nusu iko kwenye krenki nusu kwenye flaiwili, ina ngazi kabisa ukipitisha kucha. Nimeweka mpya, nikafuta koni ikawa kavu haina hata tone la oili, nati nimekaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza). Kiki ya pili imewaka!! Sailensa (mwendo wa injini bila kuvuta mafuta) imetulia, haipigi pigi. Asanteni sana, nimefurahi kweli.

fundi_kimya:
Safi sana. Weka grisi kidogo kwenye kile kitambaa kinachogusa kemu (nundu inayofungua pointi), na pima tena uwazi ukishatembea kilomita mia kadhaa, ile plastiki ya pointi mpya inalika mwanzoni, uwazi unapungua na cheche inachelewa.