Gumzo la ukoo: Rubani aliyeanguka Rufiji

Mjomba (Utete): Assalaam alaykum, wana ukoo. Nimeisoma rasimu ya historia ya marehemu baba yake Bibi iliyoletwa na mpwa wangu wa London, na nina neno. Ameandika kwamba yule mzungu wa ndege-ulaya, ambaye babu huyo alimwona akianguka mtoni, aliokolewa na wenzake. Mimi tangu utotoni nimesikia kwamba alitekwa na askari wa Mdachi, na hivyo ndivyo ninavyosimulia kila tunapokutana harusini.

Dada (London): Waalaykum salaam. Shikamoo, Mjomba. Ulichosikia kilitokea kweli, ila hakikumtokea mzungu huyo. Delta ya Rufiji iliangukiwa na zaidi ya ndege moja ya jeshi la majini la Uingereza, na nadhani kwetu marubani wawili wamegeuka mtu mmoja.

Mjomba (Utete): Marahaba, mwanangu. Tufafanulie basi, maana mimi nina huyo mmoja tu.

Dada (London): Wa kwanza aliitwa Dennis Cutler, rubani wa kiraia aliyekodiwa Afrika Kusini na kupewa cheo cha muda. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imeizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, hapo Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikaenda kujificha ndani ya mikoko ya Rufiji, ambako macho ya baharini hayakuweza kuifikia. Cutler alikuwa na ndege ya Curtiss yenye tumbo la mbao kama boti, na ndiye aliyeiona manowari hiyo kutoka angani mwezi Novemba. Desemba mambo yalimharibikia, akalazimika kutua mtoni, Wajerumani wakamkamata. Wenzake waliingia na boti chini ya risasi wakaikokota ndege hadi baharini, lakini mwenyewe alikuwa keshachukuliwa.

Binamu (Mombasa): Ndege hiyo ina deni kwetu. Rejeta yake ilipoharibika, ilifungiwa rejeta ya gari la Ford iliyotoka hapa Mombasa. Na mzinga mmoja wa Königsberg uko Fort Jesus hadi leo, karibu na mzinga wa hiyo hiyo Pegasus. Watoto wa shule huupanda kupigwa picha bila kujua ulifikaje.

Mjomba (Utete): Kwa hiyo aliyetekwa ni huyo Cutler. Na wa pili?

Dada (London): Wa pili ni John Cull, akiwa na mtazamaji wake, Harwood Arnold. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, wakafyeka kiwanja huko, kwa sababu ndege zao za kutulia majini zilishindwa na joto: gundi iliachia, na injini hazikuwa na nguvu ya kupanda juu. Zikaletwa ndege za magurudumu, Caudron na Henri Farman. Tarehe 6 Julai meli mbili za mizinga zenye kina kifupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni kuipiga Königsberg zikashindwa. Tarehe 11 zikarudi, na Cull na Arnold wakawa juu, wakieleza kwa simu ya upepo kila kombora limeangukia wapi, maana wapigaji walikuwa hawaioni shabaha yao kabisa.

Hapa ndipo ninaposoma na kurudia kusoma. Ndege ilipigwa, injini ikafa, Cull akaanza kuishusha polepole kuelekea Mersey. Arnold akatuma ujumbe kwamba wamepigwa na boti iletwe, kisha, badala ya kujishika, akaendelea kugonga simu akiwaelekeza wapigaji mizinga wasogeze mapigo yao, huku mto ukiwasogelea. Ndege ilipogusa maji ilipinduka. Arnold alitoka upesi, lakini Cull alikuwa bado amefungwa mkanda, akazama nao, ikambidi ajinasue chini ya maji. Boti ya Mersey ikawachukua wote wawili wakiwa hai, na siku ile ile Wajerumani wakailipua manowari yao wenyewe.

Mjomba (Utete): Maelezo mazuri, lakini utajuaje kwamba babu aliona hiyo ya pili? Huenda aliona ya Cutler, na habari za kuzama na mkanda zikaongezwa na wasimuliaji. Nasi wasimuliaji tunajuana.

Dada (London): Hoja yako ina uzito, Mjomba. Hapa Kew, kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa la Uingereza, zipo shajara za meli za kivita na kumbukumbu za utumishi wa maofisa wa kikosi hicho cha anga, lakini karatasi hizo haziwezi kuniambia kijana wa Kirufiji alikuwa amesimama wapi. Hilo liko kwa Bibi tu. Mama Mdogo, tafadhali muulize kama marehemu baba yake aliwahi kutaja majira.

Mama Mdogo (Kilindoni): Nimemuuliza baada ya adhuhuri. Anasema baba yake alikuwa akieleza kwamba kusi lilikuwa likivuma, watu wamekwisha kununua tende wakingoja mwezi wa Ramadhani uandame, ndipo mizinga ikalia. Anasema pia mashine ililala chali na magurudumu juu, kama kobe aliyepinduliwa.

Binamu (Mombasa): Ramadhani ya mwaka 1333 Hijria iliandama katikati ya Julai 1915. Tarehe 11 Julai ilikuwa mwishoni kabisa mwa Shaabani.

Dada (London): Na ndege ya Cutler ilikuwa boti, si ya magurudumu. Desemba nayo ni kaskazi, si kusi. Mjomba?

Mjomba (Utete): Tende zimenishinda. Andika kwamba aliona ya Cull, na habari za mateka ziwekee aya yake, useme zilisikika kijijini lakini hakuziona kwa macho. Ila harusi ya mwezi ujao Ikwiriri nimekwisha kuahidi kusimulia, kwa hiyo nitumie jina la huyo mgonga simu, nilitamke sawasawa.