Meneja, wakili au mhasibu: nianze na nani?

Asalaam aleikum ndugu zangu. Naimba taarab na bendi ya watu 5, hapa Kibokoni, Mombasa: harusi, na wikendi hoteli za Nyali. Mpaka sasa mimi ndiye mpokea simu, mdai pesa, na siku nyingine mbeba spika kwenye tuktuk. Juzi hoteli moja imenizungusha wiki 6 kwa elfu 40, kisa hatukuandikiana chochote.

Sasa kuna kaka anataka kuwa meneja wangu. Watu anao, hilo sikatai. Lakini karatasi yake yataka asilimia 30 ya mapato yote, kabla ya kutoa nauli na malipo ya wapigaji, kwa miaka 5, na nyimbo ziandikwe kwa jina lake. Hapo kwenye nyimbo roho yangu ilikataa. Wenzangu waniambia kawaida ni 15 hadi 20. Nyimbo 4 nimeshazisajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na karatasi ya huyo kaka sijaitia sahihi.

Naomba kujua: nimlipe kwanza wakili wa hakimiliki anisomee mkataba huu mmoja tu, au nianze na mhasibu wa kushika hesabu? Na fungu la meneja hukatwa kabla ya gharama au baada? Ahsanteni.