Kifua cha Bibi

Mjomba Hamza: Asalaam aleikum familia. Mama kabanwa tena usiku. Pampu ya mjukuu imemsaidia kidogo tu. Mimi nasema hii pumu.

Mama Salma: Pole yake jamani. Pumu uzeeni? Tangu tuko wadogo hakuwa nayo.

Zuhura: Waaleikum salaam Mjomba. Pumu huweza kuanza hata ukubwani, ila Bibi namshuku COPD, ule ugonjwa sugu wa mapafu unaoziba njia za hewa. Pumu huja na kuondoka: leo umebanwa, kesho mzima kama si wewe. Yeye ana siku anatembea bila kutweta?

Mjomba Hamza: Hana. Zamani sokoni kwa miguu, baadaye akawa anapumzika njiani, sasa akitoka msalani lazima aketi kwanza. Na asubuhi ni kukohoa na makohozi mpaka chai inapoa.

Iddi: Si ugonjwa wa wavuta sigara huo? Bibi hajagusa hata moja 😂

Zuhura: Iddi, maandazi yaliyokusomesha yalipikwa na nini? Kuni, miaka yote, jiko halina dirisha.

Iddi: Dah.

Mama Salma: Sasa watajuaje ni ipi?

Zuhura: Kuna mashine, spirometa. Anapuliza kwa nguvu zote, anavuta salbutamoli, dawa ya kufungua njia ya hewa, anasubiri kama dakika 15, anapuliza tena. Wanaangalia hewa ya sekunde ya kwanza ni sehemu gani ya pumzi nzima. Ikiwa chini ya 0.70 hata baada ya dawa, njia zimeziba na hazifunguki sawasawa. Za mwenye pumu mara nyingi hufunguka vizuri. Wapo wenye yote mawili, hao ndio wanatusumbua kichwa.

Mama Salma: Si dawa zilezile lakini?

Zuhura: Hapana Mama. Mwenye pumu anahitaji steroidi ya kuvuta, ya kutuliza uvimbe wa njia ya hewa, salbutamoli peke yake haimtoshi. Wa COPD huanzia dawa za kupanua njia ya hewa zinazodumu saa nyingi. Steroidi hupewa baadhi yao tu, maana huongeza hatari ya nimonia. Ila Mjomba, makohozi yapimwe TB kwanza. Na pampu mrudishieni mtoto, akibanwa usiku atavuta nini?

Mama Salma: Boda keshaifuata.

Zuhura: Hospitali ya mkoa nawaulizia mashine kesho. Akishindwa kumaliza sentensi au midomo ikibadilika rangi, msinisubiri, mpelekeni.

Iddi: Mtungi wa gesi juu yangu. Atasema wali wa gesi hauna ladha.

Mjomba Hamza: Keshasema.