Tupeane uzoefu: ulijifunzaje kusindikiza na kubuni papo hapo kwenye gitaa la jazi?

Ndugu wanamuziki, salaam. Naomba kila mmoja aeleze alivyojifunza kusindikiza kwa gitaa katika jazi, kwa kuwa naamini sehemu hii hupewa muda mdogo kuliko inavyostahili.

Mimi nilianza kwa kodi (yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja) nene za nyuzi zote sita, nikidhani kwamba mwenye kodi nyingi ndiye msindikizaji bora, mpaka mpiga piano wetu aliponieleza kwa upole kwamba ninamzibia nafasi na besi haisikiki. Nikaenda kumsikiliza mpiga gitaa Freddie Green, aliyeingia katika bendi ya Count Basie mwaka 1937 na kudumu nayo hadi alipofariki mwaka 1987, nikatambua kwamba mara nyingi kinachosikika kwenye gitaa lake ni noti moja au mbili tu. Basi nikabakiza noti ya tatu na ya saba ya kila kodi, ukihesabu skeli kuanzia noti ya msingi wa kodi. Katika kodi ya Dm7, kidole kimoja hukaa freti ya 3 ya uzi wa nne, yaani F, na kingine freti ya 5 ya uzi wa tatu, yaani C. Ukienda G7, C hushuka nusu toni (freti moja) ikawa B, na F imetulia. Ukienda Cmaj7, F nayo hushuka ikawa E, na B haisogei. Niliyarudia hayo polepole kwa wiki nyingi, na hapo ndipo nilipoanza kusikia kodi zinakoelekea.

Mchangiaji wa kwanza:
Ahsante kwa mada hii. Noti hizo mbili ndizo zilizonifungulia kubuni papo hapo. Nilikuwa nikipandisha na kushusha skeli bila kusema chochote. Nilipoanza kuimba kila sentensi kabla ya kuipiga, na kuhakikisha inatua juu ya noti ya tatu kila kodi inapobadilika, hata msikilizaji asiyesikia besi aliweza kuufuata wimbo. Mpiga gitaa Wes Montgomery mwenyewe alianza kwa kunakili kwa sikio solo za mpiga gitaa mwenzake Charlie Christian, na sijaona njia inayoishinda hiyo.

Mchangiaji wa pili:
Niongezee kuhusu kubadilisha kodi. F na B zilizomo katika G7 zimo pia katika Db7 (Db ni D iliyoshushwa nusu toni), ndiyo maana moja huweza kushika nafasi ya nyingine, na besi ikateremka D, Db, C kwa nusu toni. Nilipogundua hilo nililitumia kila mahali, hadi usiku mmoja mwimbaji alipokuwa ameshikilia D ndefu, nami nikapiga Db juu kabisa ya kodi yangu, noti mbili zikagongana na sauti yake ikayumba. Nilimwomba radhi baada ya onyesho. Tangu hapo huandika kwanza noti ya melodia juu ya kila kodi ninayotaka kuibadilisha, na pale inapogongana, hupiga F na B peke yake na kumwachia mpiga besi achague msingi.